Kukarabati Kalipa za Breki za Magari ya Zamani Visiwani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya ni kwa ajili ya wenye magari ya zamani wa Unguja na Pemba wanaotaka kuzifanyia kazi wenyewe kalipa, yaani vyombo vinavyobana pedi kwenye diski ili gurudumu lisimame, au wanaotaka kujua cha kumdai fundi kabla hawajamkabidhi funguo. Mifano mingi inatokana na gari langu, Mercedes-Benz 200 ya mwaka 1972, ambayo kwa miaka mingi imelala karibu na bahari.

Je, gari langu lina kalipa, au lina breki za dramu?

Kalipa huwapo pale penye breki za diski tu. Morris Minor, iliyotengenezwa kuanzia 1948 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilitoka kiwandani na dramu magurudumu yote manne, na ndivyo zilivyo Land Rover Series I, II na III. Mwenye gari la aina hiyo ana kazi nyengine, si hii. Peugeot 504 ina diski mbele. MGB, iliyotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, ina diski mbele na dramu nyuma. Range Rover ya mwanzo, ya 1970, na Mercedes za aina ya W115, kama yangu, zina diski mbele na nyuma, kwa hiyo mwenye gari kama hayo ajitayarishe kwa kalipa nne, na kwa Mercedes akumbuke kwamba breki ya mkono imo katika dramu ndogo iliyofichwa ndani ya diski ya nyuma.

Ni kweli kwamba kalipa huharibika upesi zaidi visiwani?

Ni kweli, na wengi huelewa nusu tu ya sababu. Huona kutu ya nje, wakadhani hiyo ndiyo maradhi.

Pistoni ya kalipa imezungukwa na sili ya mpira yenye umbo la pembe nne, nayo sili imekaa ndani ya mfereji mwembamba uliochongwa katika ukuta wa silinda. Dereva anapokanyaga pedeli, mafuta huisukuma pistoni mbele, na sili, kwa kuwa imeikumbatia pistoni, hupinda kidogo pamoja nayo. Anapoachia, sili hurudi katika umbo lake na kuivuta pistoni nyuma kwa sehemu ndogo tu ya milimita. Hakuna springi inayofanya kazi hiyo. Ni mpira huo peke yake, na gurudumu kuzunguka huru au kushikwa hutegemea uwezo wake wa kupinda na kurudi.

Sasa kofia ya vumbi, yaani mpira unaofunika mdomo wa silinda, ikipasuka, unyevu wenye chumvi hupenya hadi mferejini, nyuma ya sili, mahali ambapo jicho halifiki na msasa haupiti. Kalipa nyingi za zamani ni za chuma cha kusubu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kutu inapojaa chini ya sili huisukuma nje, sili ikaibana pistoni, na pistoni ikashindwa kurudi. Kalipa inaweza kuwa safi kwa nje, yenye sili mpya kutoka dukani, na bado ikakwama kwa sababu ya kutu yenye unene usiozidi wa karatasi ndani ya mfereji huo. Kwa maoni yangu, robo tatu ya ukarabati wa kalipa katika visiwa vyetu ni kuusafisha mfereji wa sili. Mengine yote ni ya kusindikiza.

Nitajuaje kwamba kalipa ndiyo iliyokwama, na si kitu chengine?

Endesha kilomita chache kwa utulivu, usimame mahali pa usalama, kisha usogeze kiganja karibu na kila gurudumu bila ya kuligusa. Gurudumu lenye moto kupita mwenzake wa upande wa pili ndilo la kuchunguzwa. Halafu linyanyue gari kwa jeki, liekee stendi imara, mwambie mwenzako akanyage breki na kuachia, nawe ulizungushe gurudumu kwa mkono.

Likiwa limeshikwa, usikimbilie kufungua kalipa. Fungua kwanza nipeli ya kutolea upepo kwa nusu mzunguko. Mafuta yakiruka na gurudumu likawa huru, basi shinikizo lilikuwa limefungiwa huko juu: ama mpira wa breki, yaani bomba laini linaloleta mafuta kwenye kalipa, umevimba kwa ndani na kufanya kazi kama mlango unaofunguka upande mmoja, ama masta silinda, ile inayosukumwa na pedeli, hairudishi mafuta. Gurudumu likibaki limeshikwa hata baada ya nipeli kufunguliwa, kosa limo ndani ya kalipa, au katika pini zake za kuteleza ikiwa ni kalipa ya aina hiyo. Jaribio hili ni la dakika mbili, na limewaokoa watu wengi na gharama ya kukarabati kalipa ambazo hazikuwa na neno.

Gari kuvuta upande mmoja pia huwachanganya watu. Likivuta upande wa kulia unapofunga breki, mara nyingi kalipa mbovu ni ya kushoto, kwa sababu ndiyo isiyobana. Likivuta kulia hata usipokanyaga, na gurudumu la kulia likawa la moto, hapo mbovu ni ya kulia.

Fundi amenisafishia kalipa na kuzipiga rangi nyekundu, lakini baada ya mwezi mmoja breki zinashika tena. Kwa nini?

Kwa sababu hazikufunguliwa. Jambo hili limenifika mimi mwenyewe: nililipeleka gari kwenye gereji moja, likarudi na kalipa zinazong'ara, na haukupita muda gurudumu la mbele likaanza kunuka pedi iliyoungua. Nilipoifungua kalipa nilikuta sili zile zile kuukuu, ngumu kama plastiki, na rangi imepita juu ya kofia ya vumbi iliyochanika. Kwa hiyo kabla hujalipa, omba uoneshwe sili za zamani na kofia za zamani. Zikiwa hazipo, basi kilichofanyika ni kupaka rangi tu.

Nahitaji vifaa gani?

Spana nzuri, jeki na stendi mbili, klampu, brashi ya waya, msasa laini wa namba 600 na kuendelea, spiriti, matambara yasiyotoa nyuzi, na sili za kalipa yako hasa. Usinunue sili kwa kukisia kipenyo. Namba iliyopigwa chapa juu ya kalipa, au kipimo cha kipenyo cha pistoni kwa venia (kipimio chenye taya), ndivyo vya kupeleka dukani. Zisipopatikana Darajani au Mlandege, maduka ya Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam, ndiko wengi wetu tunakoagizia kwa boti.

Pistoni imegoma kutoka. Niitoeje?

Njia bora ni kuyatumia mafuta ya breki yenyewe kabla hujaitenganisha kalipa na gari. Ondoa pedi, ekea kipande cha ubao badala yake, na mwenzako akanyage pedeli polepole. Kalipa yenye pistoni mbili ina hila yake: iliyo laini hutoka kwanza, na ikishatoka kabisa mafuta humwagika na ile ngumu hubaki bila ya nguvu ya kuisukuma. Kwa hiyo ishike iliyo laini kwa klampu, isukume iliyo ngumu hadi ikaribie mlangoni, kisha uzilete zote mbili pamoja. Masta silinda ikiwa ya zamani, usiruhusu pedeli izame hadi chini, kwa sababu mpira wake utapita juu ya kutu ya sehemu isiyotumika na kuchanika.

Kompresa nayo hutumika, lakini kwa upepo mdogo, ubao ukiwa mbele ya pistoni, na vidole vikiwa mbali kabisa. Pistoni inayofyatuliwa na upepo ina nguvu ya kuvunja mfupa. Ikishindikana yote, bomba la grisi lililofungwa kwenye tundu la mpira wa breki huitoa karibu kila pistoni, ingawa baadaye lazima grisi hiyo isafishwe hadi tone la mwisho. Usiishike pistoni kwa koleo katika uso wake wa nje. Alama moja ya meno ya koleo inatosha kuvujisha mafuta.

Neno moja kuhusu vumbi: pedi za miaka hiyo nyingi zilitengenezwa kwa asbesto. Usilipulize vumbi la breki kwa upepo. Lilowanishe na ulifute kwa tambara la maji, kisha ulitupe tambara hilo.

Nipeli imeshika kutu na naogopa itakatika.

Unaogopa kwa haki. Ipake mafuta ya kulegeza kutu kwa siku mbili, igonge kidogo kichwani kwa nyundo ndogo, na utumie soketi ya pembe sita, si ya pembe kumi na mbili. Anza kwa kuikaza kidogo sana kabla ya kuilegeza, kwa kuwa mtikisiko huo ndio huivunja kutu. Moto wa gesi husaidia, lakini baada ya kalipa kutolewa kwenye gari, mafuta kumwagwa na sili zote kuondolewa.

Je, niitenganishe kalipa vipande viwili?

Ikiwa unaweza kusafisha na kurudisha pistoni bila ya kuitenganisha, usiitenganishe. Watengenezaji wengi walikataza, kwa sababu kati ya vipande hivyo hupita mafuta kupitia sili ndogo, na bolti zake hukazwa kwa kipimo maalumu. Pakiwa panavuja hapo, huna budi, lakini uwe na sili hizo ndogo mkononi na kipimo cha kukazia kutoka katika kitabu cha gari lako.

Nawezaje kuusafisha mfereji wa sili ipasavyo?

Hapa usifanye haraka.

Toa sili ya zamani kwa kitu kisichokwaruza. Mimi hutumia chelewa mbichi iliyochongwa ncha: ni ngumu ya kutosha kuinyanyua sili, na haiwezi kukichuna chuma. Bisibisi usiitumie. Baada ya hapo, ikiwa kalipa ni ya chuma na imejaa kutu, itumbukize katika siki kwa muda wa siku moja, pistoni na mipira yote ikiwa imeondolewa. Kalipa ya alumini usiitie katika siki hata kidogo. Ukiitoa, isugue, isuuze kwa maji matamu yaliyotiwa bekingi soda ili kuua ukali wa siki, kisha ikaushe papo hapo kwa upepo na jua. Ukiiacha na maji hata kwa muda wa kunywa chai, utaikuta imegeuka rangi ya chungwa, na khasa nyakati za masika hali huwa mbaya zaidi.

Kwa mfereji wenyewe, chukua waya wa shaba wa umeme wa nyumba, upigepige ncha yake hadi iwe bapa, kisha uikunje kama mdomo wa ndege. Shaba ni laini kuliko chuma cha kusubu, kwa hiyo inakwangua kutu bila ya kuchimba. Pita polepole mduara mzima, kwenye kitako na kwenye pembe zote mbili, ukifuta kwa tambara lenye spiriti, mpaka tambara litoke jeupe. Kitako cha mfereji mara nyingi si tambarare. Kimeinamishwa kidogo makusudi ili sili ipinde inavyotakiwa, kwa hiyo usikitie tupa kwa nia ya kukinyoosha. Fanya vivyo hivyo kwenye mfereji wa kofia ya vumbi.

Kisha ijaribu. Ilowanishe sili mpya kwa mafuta safi ya breki, ipachike, na uzungushe ncha ya kidole ndani ya silinda ukiwa umefumba macho. Sili inapaswa kutokeza kwa kiasi kile kile kila pahala. Kidole kikihisi kilima, chini yake pana kutu iliyobaki. Itoe sili na urudi kukwangua.

Ukuta wa silinda una vishimo. Kalipa imekwisha?

Mara nyingi haijaisha. Mafundi waliozoea silinda za dramu huogopa vishimo kwa sababu huko mpira husafiri pamoja na pistoni na kusugua ukuta. Katika kalipa za aina hii sili imetulia mferejini na ni uso wa pistoni unaopita ndani yake, kwa hiyo panapozuia mafuta ni mfereji na pistoni. Vishimo vidogo vya ukutani, vikisha kusafishwa kwa msasa laini, havina madhara. Kalipa iliyopasuka, au ambayo hesi za bolti zake zimeliwa, hiyo ndiyo ya kuiacha.

Na pistoni? Nitumie za zamani au mpya?

Pitisha ukucha juu ya sehemu inayopita ndani ya sili. Ukucha ukinasa kwenye kishimo, au kromu ikiwa imebanduka, pistoni hiyo haifai. Kuisugua kwa msasa hadi kromu iishe ni kuipeleka kwenye kutu kwa haraka zaidi. Pistoni za chuma kisichoshika kutu zinapatikana kwa kuagiza kwa magari mengi maarufu, na kwa mazingira yetu ya chumvi mimi sina shaka kwamba ndizo bora.

Kuhusu kumpa fundi wa kukereza azitengeneze hapa hapa, inawezekana, kwa sharti kwamba anapima kwa maikromita na kuheshimu sehemu za mia za milimita, na kwamba uso unaachwa umeng'arishwa kama kioo. Mwenye kipimo cha rula tu, muepuke. Pistoni za kampuni ya ATE zilizomo katika magari mengi ya Ujerumani zina mkato usoni unaopaswa kukaa kwa pembe ya digrii 20 ili pedi zisipige kelele. Tia alama kabla ya kutoa ili ujue pa kuurudisha.

Nipake grisi gani wakati wa kuunganisha?

Mafuta safi ya breki, au grisi nyekundu maalumu ya mpira. Grisi ya kawaida, mafuta ya injini, petroli, dizeli na mafuta ya taa huivimbisha mipira ya breki na kuiua, hata kama ni kwa kusafishia tu. Isukume pistoni kwa vidole gumba viwili, ikiwa imenyooka. Ikienda kombo, itoe uanze upya, usiigonge.

Nitumie mafuta gani ya breki?

Kwa magari mengi ya zamani yaliyofungwa sili mpya, mafuta ya daraja la DOT 4 yanafaa. Kiwango chake cha chini cha kuchemka yakiwa mapya ni digrii 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 kiwango hicho kinaruhusiwa kushuka hadi 155. Kwa DOT 3 ni 205 na 140. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa kwa asili yake, na hewa yetu haina uhaba wa unyevu. Maji hayo ndiyo yanayotia kutu kwa ndani, na yakichemka hugeuka mvuke unaobonyea, pedeli ikazama. Nunua chupa ndogo iliyofungwa, itumie, na kilichobaki usikiweke kwa mwakani. Vitabu vingi vya magari husema miaka miwili kati ya kubadilisha na kubadilisha. Mimi hubadilisha kila mwaka.

DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hayo mengine. DOT 5.1, licha ya jina, si silikoni. Citroën zinazotumia mafuta ya kijani ya madini zina mipira ya aina nyengine kabisa na hazimo katika maelezo haya.

Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 hula rangi ya bodi. Yakidondoka, mwaga maji mengi mara moja.

Nimetoa upepo mara tano na pedeli bado ni laini. Kosa liko wapi?

Kwanza angalia nipeli ziko juu au chini. Kalipa ya kulia na ya kushoto mara nyingi hufanana kiasi kwamba zinaingia pande zote mbili, na zikibadilishwa nipeli huwa chini, upepo ukabaki umetulia juu ya silinda na usitoke hata ukanyage hadi usiku. Nipeli lazima iwe pahala pa juu kabisa.

Zikiwa sawa, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, isipokuwa kitabu cha gari kiseme vyengine. Anayekanyaga na anayefungua wasemezane kwa sauti: "kanyaga", "nimeshikilia", "funga", "achia". Pedeli ikiachiwa kabla nipeli haijafungwa, upepo unarudi ndani.

Nipake rangi gani kalipa?

Yoyote inayohimili joto kali, juu ya chuma kilichokauka kabisa. Isiingie ndani ya silinda, kwenye mifereji, kwenye hesi, wala mahali pedi zinapoteleza.

Baada ya kumaliza, naweza kuingia barabarani moja kwa moja?

Kabla ya kuwasha injini, kanyaga pedeli mara kadhaa hadi iwe ngumu, kwa sababu pistoni ziko mbali na diski na mkanyago wa kwanza hautashika kitu. Kagua kama pana tone lolote. Kisha tafuta njia tupu asubuhi mapema, ujaribu kwa mwendo wa miguu kwanza, halafu ufunge breki kwa wastani kutoka kilomita 50 kwa saa hadi karibu 15, mara kumi hivi, ukiipa breki nafasi ya kupoa na bila ya kusimama kabisa, ili pedi mpya zilaliane na diski.

Kwa ndugu zetu wa Pemba ningeshauri jaribio hili lifanywe pahala tambarare, si kwenye miteremko ya vilima, kwa sababu breki ambayo haijakaa vyema huonesha udhaifu wake pale pale unapoihitaji.

Gari langu silitumii mara kwa mara. Nifanyeje kalipa zisikwame tena?

Kanyaga pedeli mara kumi kila wiki hata kama gari halitoki, ili sili na pistoni zisigandane pahala pamoja. Ukipita njia ya pwani au kwenye madimbwi ya maji ya chumvi, osha magurudumu kwa ndani kwa maji matamu siku hiyo hiyo, kisha uendeshe kidogo ili diski zikauke. Na kila unapofungua gurudumu, tazama kofia za vumbi kwa tochi, mduara mzima. Kofia iliyochanika ibadilishe wiki hiyo hiyo, kabla chumvi haijafika mferejini.